Entebbe, Karamoja, Kisoro: upepo na ndege ndogo kuzunguka Uganda, siku kwa siku

Kumbukumbu hizi ni za mzunguko wa Uganda kwa Cessna 172S, ndege ya viti vinne yenye injini ya nguvu-farasi 180 na uzito wa juu kabisa wa kilo 1,157. Ni mwanzoni mwa Machi, wakati kaskazini bado ni kiangazi na kusini mvua zinaanza, kwa hiyo ndani ya safari moja rubani hukutana na karibu kila hali ya hewa ya nchi hii. Kasi zimeandikwa kwa noti (noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa), vimo kwa futi, na maili ni za baharini. Saa ni za Kiswahili.

Siku ya kwanza: Entebbe – Soroti

Marubani wa Afrika Mashariki hufundishwa kuondoka mapema, kabla jua halijapasha ardhi. Entebbe ushauri huo una kasoro yake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, hewa hutoka nchi kavu kwenda ziwani kutoka pande zote, hukutana katikati na kupanda. Ndiyo maana radi za Ziwa Victoria hupiga usiku na alfajiri. Kisha pepo za mashariki huzisukuma magharibi, na Entebbe iko ufukwe wa kaskazini-magharibi, njiani kabisa. Saa moja asubuhi anga ya Kampala inaweza kuwa nyeupe huku ukuta mweusi ukija kutoka visiwa vya Ssese. Kabla ya kuwasha injini, tazama kusini na kusini-mashariki kwanza.

Taarifa ya kiwanja husomeka mfano hivi: HUEN 030600Z 35006KT 9999 FEW022CB 22/19 Q1018. HUEN ni Entebbe, 03 ni tarehe, na 0600Z ni saa tatu asubuhi ya Uganda. Upepo unatoka nyuzi 350 kwa noti 6, kuona ni kilomita 10 au zaidi, joto 22, kiwango cha umande 19, shinikizo la hewa 1018. Herufi zinazoamua safari ni mbili tu, CB, yaani wingu la kumulonimbasi. Likiandikwa, hata kama ni "machache" (FEW), rubani anataka kujua liko upande gani na linaelekea wapi, na hilo huulizwa kwa mnara wa kuongozea ndege au kwa wataalamu wa hali ya hewa.

Unyevu wa ziwa huingia pia kwenye mafuta. Tangi lililolala nusu hutoa umande ndani yake. 172S ina sehemu 13 za kuchujia mafuta, tano kila bawa na tatu chini ya tumbo la ndege, na zote huchujwa hadi kikombe kitoe mafuta ya buluu bila tone la maji chini. Mrija wa kasi ukaguliwe kwa macho: nzi wa ziwani huruka kwa makundi yanayofanana na moshi, na nyigu hujenga humo kwa muda mfupi kama kifuniko kimesahaulika.

Asubuhi upepo hutoka nchi kavu, kwa hiyo njia 35, yaani inayoelekea nyuzi 350, ndiyo huelekea upepo. Mchana ziwa likianza kuvuta, zamu huwa ya njia 17. Kati ya hapo kuna kipindi cha upepo wa kulegalega, na ndipo rubani hushawishika kuruka na upepo mgongoni kwa sababu ni "kidogo tu". Mwongozo wa usalama wa mamlaka ya anga ya Uingereza unasema upepo wa nyuma ulio sawa na asilimia 10 ya kasi ya kuinuka huongeza umbali wa kuruka kwa asilimia 20. Ndege hii huinuliwa kwa noti 55, hivyo noti 5 na nusu zinatosha kula asilimia hiyo yote. Entebbe yenye njia ya mita 3,658 haisikii. Kiwanja kifupi cha porini kinasikia sana.

Soroti iko maili 123, mwelekeo nyuzi 35. Upepo wa juu ni nyuzi 090, noti 15. Gawa kasi ya upepo kwa kasi ya ndege hewani, zidisha kwa 60: 15 kwa 120 mara 60 ni nyuzi 7 na nusu, huo ndio msukumo mkubwa kabisa. Upepo uko nyuzi 55 kutoka kwenye pua, kwa hiyo chukua kama asilimia 80 yake: nyuzi 6. Pua ielekezwe 41. Sehemu ya upepo inayokuja mbele ni karibu noti 9, na dakika 62 zinakuwa 66.

Juu ya Ziwa Kyoga hewa hutulia, na ukivuka ukingo wa mafunjo kuingia nchi kavu ya Teso mitikisiko huanza. Makorongo wakubwa, kaloli kwa Waganda, huzunguka ndani ya hewa inayopanda; wanakuonyesha mahali msukosuko ulipo, na pia ni ndege wa kilo kadhaa wanaoweza kuvunja kioo. Wapite kwa juu, maana wakishtuka wengi hukunja mbawa na kushuka.

Soroti, kwenye Chuo cha Usafiri wa Anga cha Afrika Mashariki kilichoanzishwa mwaka 1971, ni mahali pazuri pa kuzungumzia upepo wa ubavuni. Mnara unasema noti 10, dharuba hadi 20, kutoka nyuzi 40 pembeni mwa njia. Tumia uso wa saa: nyuzi 15 ni robo ya upepo, 30 ni nusu, 45 ni robo tatu, 60 na zaidi ni wote. Nyuzi 40 ni theluthi mbili, na hesabu hufanywa kwa dharuba, si kwa wastani: noti 13. Kitabu cha ndege kinataja noti 15, kiwango kilichothibitishwa na rubani wa majaribio. Si kikomo cha kisheria, lakini kwa mwenye saa chache kichukuliwe kama kikomo.

Flapu, vipande vinavyoshushwa nyuma ya mbawa, ziwe nyuzi 20 badala ya 30, na kasi ya kukaribia iongezwe nusu ya tofauti ya dharuba: 65 na 5 ni 70. Ndege inakuja pua ikiwa imegeukia upepo kidogo. Karibu na ardhi pedali huinyoosha na njia, papo hapo bawa la upande wa upepo hushushwa ili isisukumwe pembeni. Gurudumu la upande huo hugusa kwanza, la pili lifuate, la pua mwisho. Kosa la wengi huja baada ya hapo: wanalegeza usukani kwa sababu magurudumu yamegusa. Kasi inavyopungua nguvu ya usukani nayo hupungua, kwa hiyo uzidishwe kuelekea upepo hadi mwisho wake. Kwenye kuendesha ndege ardhini kwenda maegeshoni, upepo wa mbele-pembeni: usukani geuzia upepo. Upepo wa nyuma-pembeni: geuza kinyume na upepo na sukuma mbele, usije ukainua mkia.

Siku ya pili: Soroti – Moroto – Kidepo

Hii ndiyo siku inayohitaji heshima kuliko zote. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna mwanya wa ardhi ya chini, na pepo za mashariki hubanwa humo na kuongeza kasi. Wataalamu huziita mkondo wa Turkana. Huwa na nguvu usiku na alfajiri, si mbali na ardhi, na hutoka moja kwa moja kugonga ukuta wa Karamoja. Mfuko wa upepo Moroto unaweza kuning'inia umekufa saa moja asubuhi huku futi 2,000 juu yake hewa ikikimbia noti 30. Jua likipanda tabaka hizo huchanganyika, na upepo wa juu huteremka chini kwa dharuba.

Kiwanja cha Moroto kiko magharibi mwa mlima, yaani upande wa demani, upande ambao upepo wa mashariki huporomokea. Hewa ikivuka kilele hushuka, na chini ya mteremko hujikunja kama gogo linalobingirika. Ndege hii, ikiwa na watu na joto la Karamoja, hupanda futi 400 kwa dakika ikijitahidi. Hewa inayoshuka nyuma ya mlima inaweza kuzidi hapo kwa urahisi, na rubani akavuta usukani akidhani injini imechoka. Mlima Moroto una mita 3,083, karibu futi 10,100. Ukitaka kuuvuka kwa akiba ya futi 2,000 unahitaji 12,100, kimo ambacho injini hii inahema na mwili nao unahitaji oksijeni kama utakaa juu ya futi 10,000 zaidi ya nusu saa. Kwa hiyo hauvukwi, unazungukwa. Njia ya moja kwa moja kutoka Soroti inapita jirani na mlima wa Napak. Tuliuacha kulia kwa maili 10. Na ikibidi kuukaribia mgongo wa mlima, ukaribie kwa pembe ya nyuzi 45, ili ukianza kuzama ugeuke kidogo tu na kuondoka.

Mtikisiko mkali ukianza, punguza kasi hadi kasi ya kuhimili mitikisiko. Kwa 172S ni noti 105 ikiwa na kilo 1,157, noti 98 kwa kilo 998, na noti 90 kwa kilo 862. Kasi hupungua uzito unapopungua, na wengi hukariri namba moja tu ya 105. Ndege nyepesi hurushwa juu upesi zaidi na dharuba ileile, hivyo mbawa hufika kikomo cha mara 3.8 ya uzito mapema. Shikilia mbawa ziwe sawa na uache kimo kipande na kushuka. Anayepigana na kila futi kwa usukani anaongeza mzigo juu ya mzigo.

Moroto tulitua saa mbili na nusu na kuondoka kabla ya saa nne. Kidepo, maili 88 mbele, joto lilikuwa limefika 32.

Hapa hesabu ya umbali wa kuruka ifanywe kwa kalamu. Kitabu kinasema ndege iliyojaa, usawa wa bahari, nyuzi 15, njia ngumu, inahitaji takriban mita 500 kufikia futi 50 juu ya ardhi. Kwa kanuni za mwongozo uleule wa Uingereza, kila futi 1,000 za mwinuko huongeza asilimia 10: futi 4,000 za Kidepo ni mara 1.46, tunapata 730. Kila nyuzi 10 za joto huongeza asilimia 10: nyuzi 17 zilizozidi 15 ni mara 1.17, tunapata 854. Nyasi kavu mara 1.2: mita 1,025. Halafu akiba ya usalama mara 1.33: mita 1,363. Viongezo huzidishana, havijumlishwi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Nyasi zikiwa na maji, 1.2 inakuwa 1.3.

Kutua Kidepo huanza kwa kupita juu mara moja, kutazama mfuko wa upepo, wanyama na visulisuli. Kisulisuli chenye vumbi jekundu kinaonekana. Kilicho juu ya nyasi hakionekani mpaka nyasi zianze kuzunguka. Kikivuka mwisho wa njia, zunguka tena. Ndani ya sekunde chache upepo wake hugeuka kutoka mbele hadi nyuma, na ndege iliyo noti 65 ghafla inabaki na hewa ya noti 50.

Siku ya tatu: Kidepo – Gulu – Pakuba

Upepo mdogo, moshi mwingi. Mwisho wa kiangazi nyasi za Acholi huchomwa, vumbi nalo limeshajaa angani. Utusitusi huu huonekana mwembamba ukiutazama chini wima na mnene ukitazama mbele, kwa sababu macho hupita kwenye hewa nyingi zaidi. Rubani anaona kijiji chini yake na kudhani anaona kilomita 8, kumbe mbele ni 3. Pima kwa alama: ukitambua Mto Aswa kwenye ramani, hesabu dakika kati ya kuuona na kuwa juu yake. Kwa noti 120 kila dakika ni maili 2. Chini ya dakika moja na nusu, geuka ukiwa bado unaona ulikotoka.

Jua la jioni likiwa usoni, utusitusi huohuo huwa ukuta. Pakuba iko kusini-magharibi mwa Gulu, kwa hiyo kipande hiki kiruke asubuhi.

Siku ya nne: Pakuba – Kasese

Maili 154 kufuata Ziwa Albert, ambalo uso wake uko mita 619 tu juu ya bahari, chini ya ukuta wa bonde la ufa. Ziwa lenye utulivu chini ya moshi huchukua rangi ya anga, na mstari wa upeo hupotea. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani 20 wasiofunzwa kuruka kwa vyombo. Wakiwa hawaoni nje, wote walipoteza udhibiti, kwa wastani baada ya sekunde 178. Hakuna haja ya wingu ili yakupate haya. Ziwa Albert mwezi wa tatu linatosha. Dawa ni kuruka juu ya ukingo wa Butiaba, nchi kavu iwe dirishani, na macho yarudi kwenye chombo cha upeo kila sekunde chache.

Ukingo huo una gharama yake. Upepo wa mashariki ukivuka ukuta wa Bunyoro huanguka kuelekea ziwani. Ukikaa karibu chini ya ukuta utashushwa; kaa juu yake, futi 2,000 zaidi, au sogea nchi kavu maili kadhaa.

Kasese inahitaji kufikiwa kabla ya saa sita. Rwenzori, kilele chake cha Margherita kikiwa mita 5,109, huvuta hewa ya bonde kupanda mchana, na hewa hiyo yenye unyevu hugeuka radi alasiri. Tulipofika saa tano na nusu mawingu yalikuwa tayari meusi Bwamba, ng'ambo ya mlima.

Siku ya tano: Kasese, ardhini

Radi juu ya mlima tangu saa tatu asubuhi, wingu likiwa na kichwa kipana. Radi kali hupewa nafasi ya maili 20, na bonde kati ya Rwenzori na nyanda za mashariki halina nafasi hiyo pamoja na njia ya kutokea. Hewa baridi inayomwagika kutoka kwenye wingu hutangulia mvua kwa maili 10 au zaidi. Anayeikuta kwenye kutua huona kasi ikipanda ghafla, hupunguza nguvu, kisha hewa hushuka, kisha upepo hugeuka wa nyuma na kasi huanguka. Mporomoko wa namna hiyo hudumu dakika 5 hadi 15. Kusubiri nusu saa huumaliza. Injini haiumalizi.

Hakukuwa na safari.

Siku ya sita: Kasese – Kihihi – Kisoro

Asubuhi, upepo wa kushuka mlimani bado ulikuwa ukivuma polepole. Kihihi ni rahisi: bonde pana, Ziwa Edward upande wa kulia. Kisoro ni jambo lingine, kwanza kwa kimo chake.

Kiwanja kiko kama futi 6,200. Joto la kiwango, linalokadiriwa kwa kimo hicho, ni nyuzi 2.6. Mchana wa nyuzi 24, zidisha ziada ya 21.4 kwa 120 na ujumlishe: mwinuko wa densiti ni karibu futi 8,800, yaani mbawa na injini zinafanya kazi kana kwamba ziko huko. Asubuhi ya nyuzi 14 ni 7,600. Injini isiyo na kisukuma-hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo mchana robo nzima haipo. Kupanda kunabaki nusu ya usawa wa bahari au chini yake.

Basi mtu angesema nenda alfajiri. Lakini mabonde ya Kigezi hulala na ukungu, na pengo la Kanaba mashariki mwa Kisoro huzibwa na wingu asubuhi. Mpaka ukungu uinuke ni saa tatu au nne, na saa sita volkano za Muhavura, Gahinga na Sabinyo tayari zimevaa mawingu. Nafasi iliyopo ina urefu wa saa mbili hivi, kwa hiyo tulisubiri Kihihi, mahali penye kimo cha chini, hadi habari za anga ya Kisoro zilipokuwa nzuri.

Ndani ya bonde, usiruke katikati. Kaa upande ambao upepo unagonga mteremko: hewa hapo inapanda, na ukilazimika kugeuka una upana wote wa bonde na unageukia upepo. Kwa noti 90 za kasi halisi na mwinamo wa nyuzi 30, kugeuka nyuma kunahitaji mita 760; kwa nyuzi 45, mita 440. Lakini kwa nyuzi 45 kasi ya mbawa kuishiwa nguvu hupanda asilimia 19, kwa hiyo flapu nyuzi 10 na nguvu zote kabla ya kugeuka.

Kwenye kutua, soma kipima kasi, usisome ardhi. Noti 65 kwenye kipima ni karibu noti 74 za kasi halisi hapa, ardhi hukimbia kuliko ulivyozoea, na mkono hutaka kuvuta. Ukivuta, ndege huishiwa nguvu ikiwa bado juu.

Siku ya saba: Kisoro – Entebbe

Uzito kwanza. Asilimia 10 ya uzito ikiongezeka, umbali wa kuruka huongezeka asilimia 20. Tangi zikijaa ni lita 200 za kutumika, kilo 144. Entebbe iko maili 181, saa moja na nusu, lita 53 hivi kwa lita 35 za saa. Akiba ya dakika 45 ni lita 26, na kilichobaki ni cha kukwepa mawingu. Lita 100 zinatosha, na kilo 72 zinabaki chini.

Breki zikiwa zimeshikwa, nguvu zote, wenzo wa mchanganyiko wa mafuta na hewa huvutwa taratibu hadi mizunguko ya injini ifike juu kabisa, kisha husukumwa kidogo mbele. Anayeruka na mchanganyiko mzito kama wa Entebbe anajinyima nguvu kidogo aliyobakiwa nayo. Ukifika nusu ya njia bila asilimia 70 ya kasi ya kuinuka, kwa ndege hii karibu noti 39, kata nguvu usimame. Alama ya nusu ya njia ichaguliwe kwa miguu, kabla ya kuwasha.

Kupita Mbarara hewa ilikuwa na matuta tu. Entebbe saa saba mchana, upepo wa ziwa umeshaingia: nyuzi 180, noti 12, njia 17. Ukija kutoka nchi kavu unakuwa na hewa tulivu au ya nyuma kidogo, kisha unavuka mpaka wa upepo wa ziwa, kasi inaruka noti 5 hadi 10 na pua inainuka. Usikimbilie kupunguza nguvu. Ngoja ndege itulie kwenye kasi yake, halafu rekebisha.

Ndege inayolala Entebbe hufungwa kwa ajili ya radi ya alfajiri. Ielekezwe upande wa upepo unaotarajiwa, usukani ufungwe kwa pini, flapu juu, vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu. Kamba tatu, mabawa mawili na mkia, zishuke kwa pembe ya nyuzi 45 na ziachwe na ulegevu wa sentimita chache, maana kamba ya katani ikilowa hukaza na kuvuta bawa. Kifuniko cha mrija wa kasi kirudishwe kabla nzi hawajaanza kutoka ziwani.